KARL PETERS, HAKIMU WA KESI YAKE MWENYEWE

Ndugu msomaji, tuseme mbuzi wa jirani yako wameingia shambani mwako wakala mahindi. Unakwenda kushtaki. Wazee wanakaa. Wewe unasema, jirani naye anasema, mashahidi wanasikilizwa, kisha shauri linaamuliwa. Sasa tuligeuze jambo hilo. Siku ya shauri jirani anafika barazani, anakuta kwamba mwamuzi ni wewe mwenyewe mwenye mahindi. Mshtaki ni wewe, shahidi ni wewe, na hakimu ni wewe. Je, jirani atapata haki yake?

Katika sura hii utasoma habari za mtu aliyeamua hivyo. Lakini yeye hakuamua shauri la mahindi. Aliamua shauri la roho za watu. Jina lake ni Karl Peters. Wenyeji walimwita Mkono wa Damu. Kazi yake katika nchi yetu ilianzia pwani hii ya kaskazini, pale Saadani, kusini ya Pangani. Shauri lake yeye liliamuliwa mbali sana, katika mji wa Berlin, nchi ya Ujerumani.

MTOTO WA MCHUNGAJI

Karl Peters alizaliwa tarehe 27 Septemba 1856, katika mji mdogo wa Neuhaus, kando ya mto Elbe. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la Kilutheri. Kijana alipelekwa shule, akasoma sana, akaingia chuo kikuu na kujifunza historia. Alipata cheo cha udaktari, lakini si udaktari wa kutibu watu. Ni udaktari wa elimu ya vitabu.

Baada ya masomo alikaa London kwa mjomba wake. Huko aliona utajiri wa Waingereza, akaona kwamba sehemu kubwa ya utajiri ule ilitoka katika makoloni. Akatamani Wajerumani nao wapate makoloni, na yeye apate sifa. Mwezi Machi 1884 yeye na wenzake walianzisha chama cha kutafuta makoloni.

Mwezi Novemba mwaka huo huo Wajerumani wanne walishuka Unguja. Walikuwa Peters, Jühlke, Pfeil na Otto. Tarehe 10 Novemba walivuka bahari wakafika Saadani. Ukisimama Saadani leo, Unguja iko ng'ambo, upande wa mashariki. Wao waliipa bahari mgongo, wakaenda bara. Walipita Uzigua, wakapita Unguu, wakafika Usagara. Safari yote haikuchukua hata miezi miwili, na Otto alifia njiani.

KARATASI ZA UZIGUA NA USAGARA

Walifanya nini katika siku hizo chache? Walitafuta alama za watawala kwenye karatasi. Kila walipofika kwa mtawala walitoa zawadi, wakanywa naye, wakafanya urafiki. Kisha wakatoa karatasi iliyoandikwa Kijerumani. Mtawala akatia alama yake. Mmoja wao alikuwa Mangungo wa Msovero, ambaye jina lake watoto wetu wanalisoma shuleni mpaka leo. Peters alirudi pwani na mikataba zaidi ya kumi.

Wewe uliyejifunza kusoma ukiwa mtu mzima unalielewa jambo hili kuliko wengine. Unajua mtu anavyojisikia anapowekewa karatasi mbele yake, akaambiwa aweke dole gumba tu, mambo mengine yameshaandikwa. Karatasi za Peters zilisema kwamba mtawala anatoa nchi yake yote pamoja na haki zake zote. Siamini kwamba mtawala yeyote wa Uzigua au Usagara alidhani anatoa hayo kwa zawadi za siku moja. Ardhi haikuwa mali yake peke yake hata aigawe.

Peters alizipeleka karatasi Berlin. Tarehe 27 Februari 1885 mfalme wa Ujerumani, Wilhelm wa Kwanza, alitia sahihi hati ya kuzilinda. Katika hati ile lilikuwamo neno moja ambalo watu wengi hawalitazami. Kampuni ya Peters ilipewa haki ya kutawala, na pamoja nayo haki ya kuhukumu. Kampuni ya biashara, iliyotafuta faida, iliruhusiwa kukaa kiti cha hakimu juu ya wenyeji.

Fikiri kidogo hapo. Kwa Wasambaa, mashauri makubwa yalipelekwa Vuga kwa mfalme. Mjini pwani watu walikwenda kwa kadhi au kwa liwali. Hatusemi kwamba waamuzi hao hawakukosea. Walikuwapo wabaya na wazuri. Lakini walikuwa watu wanaojulikana. Jamaa zao walijulikana, na mfalme aliyedhulumu sana aliweza kukimbiwa na watu wake. Mwamuzi mpya alitoka kwenye karatasi, na aliowahukumu hawakuwa na njia ya kumfikia aliyemtuma.

Mwezi Agosti 1888 kampuni ilianza kutawala miji ya pwani. Pangani ilikataa. Abushiri bin Salim na wenzake walisimama kupigana, na vita vikaenea pwani yote. Kampuni ilishindwa, ikabidi serikali ya Ujerumani ilete askari. Abushiri alikamatwa akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Habari zake ni ndefu na zinastahili kitabu chake. Hapa tuseme tu kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 1891 kampuni iliondolewa katika utawala, na serikali ya Ujerumani ikashika nchi yenyewe.

KITUO CHA KILIMANJARO

Mwaka 1891 serikali ilimpa Peters kazi. Alifanywa mkuu wa serikali katika nchi ya Kilimanjaro. Reli ya Tanga ilikuwa bado. Ujenzi wake ulianza mwaka 1893. Misafara ilitoka Tanga na Pangani kwa miguu, ikafuata bonde la mto Pangani siku nyingi, mpaka mlima ukaonekana. Peters aliweka kituo chake Marangu, kwa Mangi Marealle.

Kule juu yeye alikuwa kila kitu. Alikuwa mkuu wa askari. Alikuwa mkuu wa serikali. Alikuwa pia hakimu. Gavana alikuwa Dar es Salaam, mbali sana, na barua ilichukua wiki nyingi. Wazungu wengine wachache walikuwapo kituoni, lakini wote walikuwa chini ya amri yake. Walikuwapo pia watumishi Waafrika, na wanawake wa Kiafrika. Mmoja wa wanawake hao aliitwa Jagodja. Alikuwa msichana wa Kichaga, na Peters alimfanya hawara yake.

Miongoni mwa watumishi alikuwapo kijana aliyeitwa Mabruk. Jina hilo ni la watu wa pwani. Mwezi Oktoba 1891 iligunduliwa kwamba mtu ameingia ndani ya nyumba usiku na kuiba sigara. Mabruk alishukiwa. Lakini jambo lililomchoma Peters halikuwa sigara. Alishuku kwamba kijana amelala na wanawake wa nyumba yake.

Basi lilikaliwa baraza. Ndugu msomaji, tazama nani walikaa. Hakimu mkuu alikuwa Peters, mwenye sigara zilizoibwa na mwenye wivu. Waliokaa naye walikuwa wasaidizi wake. Msaidizi anayengoja amri na sifa kutoka kwa mkubwa wake atampinga vipi? Mabruk hakuwa na mtu wa kumtetea. Hakuna aliyemwambia kwamba anaweza kukata rufani, maana hapakuwa na pa kukata rufani. Alihukumiwa kufa, akanyongwa.

Kwa sigara chache! Hata sheria ya Ujerumani yenyewe haikumnyonga mwizi wa sigara.

Jagodja aliogopa. Alikimbia, akaenda kwa mtawala jirani kutafuta hifadhi. Peters alidai arudishwe, akarudishwa. Alipigwa viboko, si mara moja. Kisha, mwanzoni mwa Januari 1892, akanyongwa naye. Safari hii Peters alisema kwamba msichana alikula njama na adui. Hapa pia mshtaki na hakimu walikuwa mtu mmoja.

Habari kama hizo hazifichiki. Wachaga walijua. Wamisionari wa Kiingereza waliokuwa Moshi walisikia, wakakataa kushirikiana naye. Chuki iliongezeka mlimani. Mwezi Juni 1892, baada ya Peters kuondoka, Wajerumani walipigana na Mangi Meli wa Moshi wakashindwa, na ofisa wao von Bülow akafa.

KIMYA CHA BERLIN

Peters alirudi Ujerumani mwaka 1893. Je, alishtakiwa? Hapana. Wakubwa wake walipokea taarifa, wakauliza maswali kidogo, wakanyamaza. Baadaye walitaka hata kumpa cheo kingine upande wa Ziwa Tanganyika. Hakukipenda.

Wakati wao wamenyamaza kwa Peters, hawakunyamaza kwa wengine. Sasa turudi huku kwetu Usambara. Mwaka 1895 mzee Semboja wa Mazinde alifariki. Mwanawe Mputa alikuwa mtawala wa Vuga. Mputa aliamuru kuuawa kwa mtu aliyezini na mke wake. Wajerumani walimkamata Mputa, wakamshtaki kwa kosa la kuua, wakamnyonga mwezi Aprili mwaka ule.

Mimi sisemi kwamba Mputa alifanya vema. Mume mwenye hasira hafai kuwa hakimu wa mtu aliyemkosea, hata akiwa mfalme. Lakini weka mashauri mawili haya pamoja uyatazame. Mtawala wa Kisambaa aliua kwa sababu ya mke, akanyongwa. Mtawala wa Kijerumani aliua kwa sababu ya hawara, akafikiriwa kupewa cheo. Bendera ilikuwa moja. Nchi ilikuwa moja. Kati ya hukumu ya Jagodja na hukumu ya Mputa ilipita miaka mitatu tu na miezi michache.

FUNDI WA MBAO ANASIMAMA

Kimya kilivunjwa mwezi Machi 1896. Katika bunge la Ujerumani alikuwamo mtu aliyeitwa August Bebel. Kabla ya siasa alikuwa fundi wa kukereza mbao. Alikuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Bebel alisimama bungeni akaeleza habari za Mabruk na Jagodja mbele ya wakubwa wote. Magazeti yakaandika. Watu wa kawaida, waliokuwa hawajui hata Kilimanjaro iko wapi, wakaanza kuuliza.

Bebel alikosea jambo moja. Alisema kwamba iko barua ambayo Peters alimwandikia askofu wa Kiingereza na kukiri mambo yake. Barua hiyo ilikuwa haipo. Rafiki za Peters walilishika kosa hilo kwa miaka mingi, wakasema maneno yote ya Bebel ni uongo. Lakini kunyongwa kwa watu wawili hakukutegemea barua. Peters mwenyewe alikuwa ameandika katika taarifa zake kwamba wamenyongwa. Lililobaki kuulizwa lilikuwa moja: kwa haki gani?

Tarehe 24 Aprili 1897 Peters aliitwa mbele ya mahakama ya nidhamu mjini Berlin. Nieleze maana ya mahakama ya nidhamu. Si mahakama ya wezi na wauaji. Ni mahakama ya watumishi wa serikali. Kazi yake ni kuuliza kama mtumishi ametumia cheo chake inavyotakiwa. Haiwezi kumfunga mtu gerezani. Inaweza kumfukuza kazi.

Mahakama ile iliona kwamba Peters ametumia vibaya mamlaka aliyopewa. Iliona pia kwamba aliwapa wakubwa wake taarifa zisizo za kweli. Akafukuzwa kazi. Alikata rufani, yaani aliomba mahakama ya juu ilitazame shauri upya. Mwezi Novemba mwaka huo huo rufani yake ilikataliwa. Alipoteza cheo na malipo ya uzeeni.

Umeona? Peters alipewa mwanasheria, alisikilizwa, akapewa na rufani. Hayo yote ni haki, na ni vizuri alipewa. Mabruk na Jagodja hawakupewa hata moja. Na Peters hakushtakiwa kamwe kwa kuua. Adhabu yake ilikuwa kupoteza kazi.

Kelele za mwaka 1896 zilizaa amri mpya. Mwezi Aprili mwaka huo mkuu wa serikali ya Ujerumani aliandika masharti ya kuhukumu Waafrika. Hukumu ya kifo isitekelezwe mpaka gavana aikubali. Wanawake wasipigwe viboko. Wanaume wasipigwe zaidi ya viboko 25 kwa mara moja. Wazee wa pwani waliyajua masharti hayo kwa jina la hamsa ishirini, na hawakulitaja kwa furaha. Amri ilimzuia hakimu kunyonga kama alivyonyonga Peters, lakini kiboko kiliachwa mkononi mwake. Ofisa wa wilaya aliendelea kuwa mtawala na hakimu pamoja.

Huenda unauliza, na leo je? Leo hakimu wa Tanzania naye ana mahali pa kuulizwa. Hakimu wa mahakama ya mwanzo au ya wilaya akila rushwa, akiamua shauri la ndugu yake, au akimtukana mwenye shauri, unaweza kupeleka malalamiko. Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011 iliweka kamati za maadili katika kila mkoa na kila wilaya. Ya mkoa huongozwa na Mkuu wa Mkoa, na ya wilaya na Mkuu wa Wilaya. Juu yake iko Tume ya Utumishi wa Mahakama. Jaji wa Mahakama Kuu ana utaratibu wake katika Katiba. Rais hawezi kumfukuza kwa hasira tu. Lazima iundwe tume ya watu wasiopungua watatu, waichunguze habari, kisha waseme.

Lakini shika tofauti hii, kwa maana watu wengi huichanganya. Kushindwa kesi si ushahidi kwamba hakimu ni mbaya. Ukiona hakimu amekosea sheria au hakupima ushahidi vizuri, kata rufani. Ukiona amevunja uaminifu wa kazi yake, peleka malalamiko kwenye kamati. Andika tarehe, jina la mahakama, namba ya kesi, na jambo lililofanyika. Wewe sasa unajua kuandika.

MIAKA YA MWISHO

Peters alikuwa amekwisha kuhamia London mwaka 1896, kabla ya hukumu. Alikaa huko miaka mingi. Alisafiri nchi za mto Zambezi akitafuta dhahabu, akaandika vitabu. Katika vitabu vyake hakuonyesha majuto. Alijiona yeye ndiye aliyedhulumiwa.

Na wakubwa walianza kumsikitikia. Mwaka 1905 mfalme Wilhelm wa Pili alimrudishia jina la cheo chake. Mwaka 1914 alimpa malipo ya uzeeni kutoka mfuko wa mfalme mwenyewe. Kidogo kidogo, kwa mlango wa nyuma, adhabu ya mahakama ililegezwa. Peters alirudi Ujerumani vita vikuu vya kwanza vilipoanza, akafa tarehe 10 Septemba 1918 mahali paitwapo Woltorf. Alikuwa na umri wa miaka 61. Miezi miwili baadaye Ujerumani ilishindwa vita, na nchi alizozitafuta kwa karatasi zikatoka mikononi mwao.

Hadithi haikuishia kaburini. Mwaka 1937 Ujerumani ilikuwa chini ya Hitler. Hitler aliifuta hukumu ya mwaka 1897, miaka 19 baada ya Peters kufa. Alimhesabu kuwa shujaa. Barabara zilipewa jina lake, na mwaka 1941 ilitengenezwa sinema ya kumsifu. Hukumu iliyopatikana kwa taabu ilifutwa kwa sahihi ya mtu mmoja, na watu wawili walionyongwa Kilimanjaro hawakutajwa kabisa.

Baada ya Hitler kuanguka, Wajerumani wengi walianza kuitazama upya historia yao. Miji kadhaa iliondoa jina la Peters barabarani. Berlin ilichelewa. Huko kulikuwa na barabara iliyoitwa Petersallee tangu mwaka 1939. Mwaka 1986 wakubwa wa mji walijaribu kuponea njiani. Waliliacha jina lile lile, wakasema sasa ni la Peters mwingine, mtu wa heshima. Wakazi wengi hawakuridhika, na Waafrika wanaoishi Berlin hawakuridhika. Walidai miaka mingi, kwa barua na kwa mikutano.

Mwezi Agosti 2024 vibao viliondolewa. Barabara iligawanywa sehemu mbili. Sehemu moja ilipewa jina la Anna Mungunda, mwanamke wa Namibia aliyeuawa katika maandamano mwaka 1959. Sehemu ya pili inaitwa Maji Maji.